Shaba na saa za kazi: shajara ya kumlea mbwa Kireka

Januari, kabla ya mbwa

Hesabu ya kwanza ni ya saa. Natoka nyumbani Kireka, pembezoni mwa Kampala, saa kumi na mbili asubuhi ili nifike ofisini Industrial Area kabla Jinja Road haijakwama pale Banda na Nakawa. Jioni nikibahatika naingia getini saa moja. Hapo katikati kuna saa kumi na tatu. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kujizuia haja kwa kama saa nane. Mtoto wa mbwa hukadiriwa saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, yaani wa miezi mitatu akifikisha saa tatu amejitahidi. Kwa hiyo mambo mawili nimeyaamua kabla sijaenda kumtazama mbwa yeyote: sitachukua mtoto wa mbwa, na hata huyo mzima simleti mpaka nipate mtu wa mchana.

Wenzangu kazini wanasema mwenye ajira asifuge mbwa. Sikubaliani nao. Mbwa mzima hulala sehemu kubwa ya mchana hata mwenyewe akiwepo. Kinachomtesa ni kufungiwa bila mtu kuanzia alfajiri mpaka usiku, au kufungwa mnyororo mguuni pa ukuta kisha aitwe mlinzi. Nimekulia Busia, nyumba ambayo kila mtu alitoka asubuhi, huyu shambani, yule sokoni mpakani, na mbwa wetu hawakukaa peke yao hata siku moja kwa sababu bibi alikuwepo. Hapa Kampala sina bibi. Nina ua wenye familia tano, bomba moja la maji, kamba mbili za kuanikia nguo na geti linalofungwa saa nne usiku. Mradi lazima uanze na watu wa ua huu.

Januari, mwisho wa mwezi

Mwenye nyumba hakunisumbua. Alitaka mbwa asichimbe msingi, na wapangaji wasimpigie simu usiku. Mama wa mlango wa pili aliuliza kama atauma watoto. Nikamwambia nitachukua aliyekwisha kuishi na watoto, na kwamba kwa mwezi wa kwanza hatakuwa uani bila mtu mzima karibu. Akaridhika, ingawa alisisitiza kuiona kadi ya chanjo kwa macho yake. Nimependa alivyosisitiza.

Niliyemwendea kwa uangalifu zaidi ni Hajati wa mlango wa mwisho. Kwao ni Bombo, na yeye ndiye mkubwa wa ua hata kama hakuna aliyemchagua. Nilimkuta anachambua mchele barazani, nikaamkia, nikakaa chini kwanza. Waislamu wengi wa Uganda wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo.

"Mwanangu," akasema, "mimi sina ugomvi na mbwa. Nina swala tano. Nguo zangu zikiguswa, kazi yote hiyo ni yangu."

Tukakaa tukapanga. Kamba ya nguo iliyo upande wake mbwa haikaribii kabisa. Majerikani yake hayawekwi tena chini pale bombani, nitamtengenezea kibao cha juu. Bakuli la mbwa litaoshwa nyuma ya chumba changu kwa maji niliyoyachota mimi. Na baraza lake ni lake. Niliposimama kuaga akanikumbusha mwenyewe kwamba katika Sura ya Kahfi watu wa pangoni walikuwa na mbwa, na mbwa huyo alikuwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. "Basi na wako alale kizingitini kwako," akasema, akaendelea na mchele wake.

Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba mradi utawezekana.

Februari

Mtu wa mchana amepatikana: binti wa mlango wa pili. Amemaliza S6, yaani kidato cha sita, na yuko nyumbani mpaka vyuo vifunguliwe Agosti. Tumekubaliana malipo ya kila mwezi, nami nimeyaandika kama mshahara wowote ule, na tarehe ya kulipa. Sitaki iwe hisani. Hisani huchoka, na ikichoka mbwa ndiye anayelala na njaa. Kazi yake ni kumtoa saa nne, saa saba na saa kumi, kumbadilishia maji, na kuandika kwenye daftari.

Sasa mbwa. Barabarani huwa wapo vijana wanaouza watoto wa mbwa ndani ya maboksi, na kila anayepita anaambiwa ni German Shepherd halisi. Hawana kadi ya chanjo, na wengi ni wadogo kiasi kwamba walipaswa kuwa bado kwa mama yao. Parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, huwamaliza hao kwa siku chache tu: kutapika, kuhara damu, basi. Wanaoniuliza waanzie wapi nawaambia waanzie kwenye makao ya mbwa waliookolewa. Hapa Kampala USPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama, ina makao yake yaitwayo The Haven, na kuna waokoaji wengine wadogo pia.

Mahali nilipokwenda walinihoji zaidi ya nilivyohojiwa nilipoomba kazi. Unaishi na nani? Ua una ukuta? Mchana yupo nani? Nilikuwa na majibu kwa sababu Januari yote niliitumia kuyatafuta. Nikaonyeshwa madume wawili wakubwa wenye nguvu, halafu jike mmoja mwenye rangi ya shaba, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Mbwa wa kienyeji kabisa. Amekadiriwa kuwa na miaka mitatu, amefungwa kizazi, amechanjwa kichaa cha mbwa na yale magonjwa mengine. Wenzake walipobweka yeye alikuja mpaka kwenye wavu, akanusa mkono wangu taratibu, kisha akakaa. Nikasema huyu.

Kuna wanaodharau mbwa wa kienyeji kana kwamba ni makapi ya mbwa wa kizungu. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa jeni za mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, na mbwa wa Uganda wakaonekana kuwa na asili ya hapa hapa Afrika kwa sehemu kubwa sana, tena wakiwa na utofauti mwingi wa jeni. Hawa wamechujwa na kupe, jua na njaa kwa vizazi na vizazi. Mtu mwenye ajira na ua mdogo hawezi kupata mbwa anayemfaa zaidi ya huyu.

Machi, likizo

Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo. Zangu nimezitumia zote hapa, wala sikwenda Busia. Meneja aliuliza kama kuna msiba. Nikamwambia kuna mgeni.

Jina lake ni Shaba. Siku za mwanzo hakula vizuri, akawa ananifuata mpaka mlangoni mwa choo. Hilo nililitarajia. Kazi kubwa ya likizo hii ilikuwa kumfundisha kwamba nikiondoka narudi. Mbwa aliyewahi kutupwa husoma dalili za kuondoka kabla wewe hujafika mlangoni. Nikigusa funguo tu, masikio yanasimama, ulimi unaingia ndani, macho hayatoki mkononi mwangu. Basi nikawa nachukua funguo, naketi, nasoma. Navaa viatu vya kazini, naenda kukoroga uji. Nabeba mkoba begani na kufagia nao. Mama wa mlango wa pili aliniuliza kama niko sawa.

Baada ya hapo funguo zikawa hazina maana tena kwake, tukaanza kutoka kweli. Natoka, nahesabu kidogo nyuma ya geti, narudi kabla hajaanza kulia. Kisha mpaka dukani. Kisha mpaka stendi ya takisi na kurudi. Nikitoka sisemi kwaheri ndefu, nikirudi siruki ruki naye. Namwacha atulie kwanza ndipo namshika. Simu yangu ya zamani niliiacha ndani inarekodi sauti, na hiyo ndiyo iliyonipa ukweli. Mwanzoni alikuwa analia kwa sauti nyembamba na kukwaruza mlango. Likizo ilipoelekea mwisho, nilichosikia kwenye rekodi ni kucha zake zinapita sakafuni, zinazunguka mkeka, halafu pumzi za mbwa aliyelala.

Anayeanza leo na ana siku chache tu za likizo, ushauri wangu ni azitumie kwenye zoezi hili kuliko kwenye jambo lingine lolote. Kukaa na kulala hufundishika jioni yoyote. Kuondoka hakufundishiki wakati umekwisha kurudi kazini.

Aprili

Daftari la binti limekuwa kitu ninachokifungua kwanza nikiingia, hata kabla ya kuvua viatu. "Saa nne: amekojoa. Amebwekea muuza mkaa, nimemwambia inatosha, ameacha." "Saa saba: mvua, amekataa kutoka, nimemfunika na mwavuli mpaka kwenye majani." "Saa kumi: analala chini ya mwembe."

Mvua za masika zimeanza na radi za pande hizi za ziwa si za mchezo. Radi ikipiga mchana nikiwa kazini, binti humwingiza ndani, hufunga pazia na kuwasha redio. Anatetemeka lakini habomoi kitu.

Chakula chake ni posho laini, yaani ugali, mukene wa kuchemsha na mboga kidogo, na maini kila yanapopatikana kwa bei nzuri. Mukene ni wale dagaa wadogo wa ziwa Victoria. Huwa na mchanga, hivyo nawaloweka na kuwaosha mara kadhaa kabla ya kupika. Napika Jumapili na kugawanya kwenye makopo. Kitunguu hakiingii sufuriani humo, ni sumu kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, inapasuka kuwa vijiti vyenye ncha. Na unga nanunua ule ule ninaoula mimi. Kuna watu humpa mbwa unga uliopata ukungu kwa sababu "ni wa mbwa tu", na sumukuvu huua ini la mbwa haraka sana.

Wiki iliyopita nilipokuwa namkagua kupe niliona vijipu tumboni na pajani, kila kimoja na kitundu katikati. Nilipokaza macho, ndani ya kitundu kimoja kitu kilisogea. Daktari wa mifugo hakushangaa. Ni viwavi vya nzi wa maembe: nzi hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu wa kivuli au nguo zisizokauka, mayai yanaanguliwa, na viwavi vinajipenyeza kwenye ngozi bila mnyama kusikia. Akapaka vaselini nene juu ya kila kitundu. Kiwavi hupumulia pale, kwa hiyo hewa ikikatika kinajisogeza nje chenyewe. Tulingoja, kisha akaviminya kimoja kimoja kwa vidole viwili kutoka pembeni, taratibu, kisikatike. Vinene, vyeupe, kama punje za mchele ulioiva. Shaba alilala ubavu akiniangalia mimi tu muda wote.

Mkeka wake sasa unaanikwa juani kila siku na shuka lake linapigwa pasi. Chini ya mwembe tumeweka kibanda cha mbao kilichoinuliwa kutoka ardhini.

Mei

Hili halikumhusu Shaba moja kwa moja, lakini limebadilisha mambo uani.

Askari wetu wa usiku aliumwa na mbwa wa mtaani nje ya geti, kwenye shavu la mguu, akiwa anafunga kufuli. Mbwa yule alikimbia na hakuonekana tena. Askari alitaka kuweka dawa ya majani na kurudi kwenye zamu. Nilimkatalia, na Hajati akamkatalia zaidi yangu; yeye ndiye aliyeleta sabuni ya mche na jerikani. Jeraha lililoumwa na mbwa usiyemjua huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima. Ni muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, tulimshikia mguu na saa mkononi. Usiku ule ule akaenda kutafuta sindano. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo, cha pili kikawa nayo. Amemaliza ratiba yote, mguu umepona.

Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote hukipata kwa kuumwa na mbwa. Dalili huweza kuchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, na zikishajitokeza hakuna dawa. Lakini wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa eneo, virusi vinakosa pa kupita. Kwa hiyo kadi ya Shaba si karatasi yangu binafsi. Nimeipiga nakala, nakala nimeibandika ndani ya geti kwenye mfuko wa plastiki, na mama wa mlango wa pili huwaonyesha wageni wake kabla sijafungua mdomo. Wapangaji wawili wa ua wa jirani wamenijia kuuliza daktari yuko wapi.

Juni

Tarehe 3 ni Siku ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Sisi tuko karibu na Namugongo, walikouawa wengi wao, na mahujaji huanza kupita siku kadhaa kabla, kwa miguu, wengine kutoka Kenya na Tanzania, wakiimba na kusali. Ni siku ninayoipenda. Kwa Shaba ilihitaji maandalizi: barabara imejaa watu wasiojulikana, mifupa ya nyama choma kila kona, vipaza sauti usiku kucha. Alikaa ndani na mimi, matembezi yakawa saa kumi alfajiri. Kola yake ina namba yangu ya simu.

Julai

Kazini wamezoea. Mwenzangu mmoja, mtu wa Gulu, ndiye anayenielewa vizuri zaidi. Kwao kuna Comfort Dog Project, mradi ulio chini ya BIG FIX Uganda, unaowakutanisha manusura wa vita na mbwa waliookolewa. Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho akiwa na umri wa miaka 12 kwa bomu lililofukiwa shambani, ndiye mmoja wa waliouongoza. Akiwa shule ya bweni, mbwa walikuwa wakimsindikiza usiku kutoka bwenini hadi chooni. Wanaopewa mbwa katika mradi huo hufunzwa pamoja nao na kuahidi kuwatunza maisha yote. Mwenzangu alipokuwa akisimulia, wale waliozoea kuniuliza "anakulindia nini?" walinyamaza kusikiliza.

Swali hilo mimi nalijibu bila kuona haya. Shaba hubweka mtu akigusa geti usiku, ndiyo. Lakini sikumchukua kwa ajili ya hilo. Nilikuwa narudi kwenye chumba ambacho hakuna aliyejua kama nimefika au sijafika. Sasa kuna anayejua.

Faida nyingine sikuitegemea: natoka ofisini kwa wakati. Sheria inasema saa 48 kwa wiki, na nilikuwa nikizipita bila mtu kuniomba. Sasa saa kumi na moja ikifika nafunga kompyuta, kwa sababu zamu ya binti ina mwisho na nimeahidi.

Agosti

Binti amepata nafasi Makerere. Ua mzima tumefurahi, na mimi nina pengo la kuziba.

Niliwaza mambo matatu. Kurudi mchana kwa boda: nauli ya kila siku ingemaliza bajeti ya chakula, na foleni ya Nakawa haina huruma. Kuchukua mbwa wa pili wa kumliwaza: mbwa wawili bila mtu ni mbwa wawili wanaongoja kutolewa nje. La tatu lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele anashona kutwa nzima barazani, hatua chache kutoka kwenye kibanda cha Shaba, na mabaki ya posho yake tayari wanagawana.

Nilimwendea kwa heshima, na bei mkononi. "Mzee, naomba nikuongezee kazi." Akasema kutembea mbali hawezi, goti linamsumbua. Tukapatana hivi: matembezi marefu ni yangu, alfajiri na jioni, yeye anamfungulia akojoe, anaangalia maji, anamwingiza mvua ikija. Hajati alikubali kwa sharti moja, nguo za wateja zipigwe pasi ndani na mbwa asipite chini ya meza ya kukatia. Sharti la haki kabisa, na fundi alikuwa amelitaka hata kabla yake.

Wiki mbili za mwisho binti alikuwa anakabidhi kazi. Alimwonyesha fundi mahali Shaba anapopenda kukunwa ili atulie radi ikipiga, nyuma ya sikio la kushoto. Fundi haandiki sana. Kwenye daftari lake huweka alama ya vyema kwa kila kutoka, na neno moja likitokea jambo. Jana liliandikwa "kupe", nami nikamkuta kweli, katikati ya vidole vya mguu wa nyuma.

Yaliyobaki mwaka huu: dawa ya minyoo mwezi ujao, na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nataka kuwapeleka na mbwa wawili wa ua wa jirani wakachanjwe. Wenye nao wamekubali, boda moja haitatosha, tutakodi pikapu. Chanjo ya Shaba ya kila mwaka ni Februari.